Kugonga Mara ya Pili

Mzee Patasi aligonga mwamba kwa nyundo yake, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasogea kidogo, akagonga tena. Mkwe wake alikuwa amesimama nyuma yake na taa mkononi, na kwa bahati mbaya masikio yake yeye yalikuwa mazima. Juu, mwamba ulilia kwa sauti kali, safi. Chini, karibu na sakafu ya handaki, ulitoa sauti ya debe bovu.

"Hapa tumemaliza," mzee akasema. "Kanda saruji."

"Baba, na pale chini?"

Mzee hakugeuka. Alikuwa anapangusa vumbi ukutani kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

"Pale chini kwenye kona," mkwe akarudia kwa sauti ya juu kidogo, si ya juu sana, maana mtu hampigii baba mkwe kelele.

Sasa mzee akageuka, akafumba jicho moja kwa ukali wa taa. "Sogea kwenye mwanga bwana, mimi siongei na vivuli. Unasemaje?"

Ilibaki kusema tu. Lakini mzee alikuwa akimtazama kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri, jasho limechora mistari kwenye vumbi la mashavu, na mkwe akaona maneno yanarudi tumboni yalikotoka.

"Nasema pametulia, baba."

"Pametulia," mzee akakubali, akacheka. "Si nilikwambia?"

Kilima kile kilikusudiwa kuegemewa na ukuta wa bwawa. Kabla ya ukuta kuanza, wakubwa walitaka kujua kilima chenyewe kina tabia gani: kikisukumwa kitabonyea kiasi gani, na kikiachiliwa kitarudi kiasi gani. Maana mwamba hubonyea, hata kama wewe na mimi tungeapa kuwa haubonyei. Basi ulichimbwa mlango ubavuni, handaki dogo la kuingia watu kwa kuinama. Ndani yake hubandikwa bamba nene la chuma ukuta huu na bamba jingine ukuta ule, katikati ikawekwa jeki kubwa ya mafuta. Mmoja anapiga pampu, jeki inasukuma huku na huku, na geji ndogo zilizofungwa kwenye boriti zinaonyesha mishale ikitambaa. Anayesoma mishale hiyo huitwa msomaji, na mkwe wa Mzee Patasi hakuwa na jina jingine pale kazini isipokuwa hilo.

Ila handaki huchimbwa kwa baruti, na baruti huacha ngozi ya mwamba imepasukapasuka. Ukibandika bamba juu ya ngozi hiyo, utapima ngozi ukidhani umepima mwili. Ndiyo maana huajiriwa mchongaji wa kuibandua kwa patasi na nyundo mpaka mwamba ulie vizuri. Na mchongaji akimaliza, msomaji huichukua nyundo akaugonga uso wote upya kabla saruji haijapakwa. Kazini waliita kugonga mara ya pili. Hakuna aliyekasirika kugongewa, kwa sababu ndiyo kazi.

Isipokuwa mchongaji awe ni baba wa mke wako. Kumpokonya baba mkwe nyundo na kugonga palepale alipogonga yeye ni sawa na kuionja mboga ambayo mama mkwe amekwisha kuionja, kisha ukaomba chumvi. Msomaji hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja tangu mzee aanze kazi, na mpaka siku ile haikuwahi kumletea hasara. Funika kombe mwanaharamu apite, akajiambia. Akakanda saruji, akaipaka, wakalibandika bamba.

*

Mzee alikuwa amehamia kwa binti yake baada ya kufiwa na mkewe. Aliingia na begi moja la nguo na jingine la patasi, akakataa chumba chenye dirisha, akachagua kile cha uani kilichokuwa stoo. Usiku wa kwanza, kabla hajapakuliwa, alitoa hotuba fupi.

"Mtu anayeishi kwa mkwe wake hukaa ukingoni mwa kiti," alisema. "Mimi nitakaa ukingoni. Lakini siku nitakapokuwa mdomo tu hapa ndani, sina ninacholeta, sitasubiri kuambiwa. Nitajiambia mwenyewe."

Binti alilia kidogo, na mumewe akasema maneno yanayosemwa, kwamba baba hapa ni kwako. Lakini alimwelewa. Ndipo akaenda kumwombea kazi ya kuchonga, na mzee akaipokea kama kijana aliyepata ajira ya kwanza. Tangu hapo alikuwa akirudi jioni na mfuko wa unga au mche wa sabuni, anauweka mezani bila kusema neno, kisha anaketi akiwa ameegemea kiti chote.

Mambo mengine Msomaji aliyaona bila kuyatilia maanani. Redio ya mzee ililia mpaka kwa majirani. Ukimsemesha kwa nyuma alikuwa haitiki, na wewe unadhani amenuna. Na kulikuwa na tabia ya binti yao mdogo, anayeanza kusema vizuri: kila akitaka kumwambia babu jambo, alimpandia mapajani, akamshika mashavu yote mawili, akamgeuzia uso kwake, ndipo akazungumza.

"Acha utundu," Msomaji alimkemea siku moja. "Babu hashikwi uso kama mwanasesere."

"Mwache," mkewe akasema harakaharaka kutoka jikoni. "Wamezoeana."

Jioni ile baada ya kupaka saruji, Msomaji alimfuata mkewe kwenye karo. "Baba masikio yake yakoje siku hizi?"

Mkewe akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kutakata. "Yako kichwani," akajibu, akacheka peke yake. "Mbona unauliza?"

"Nauliza tu."

"Basi na mimi nimejibu tu."

Wakaishia hapo. Wote wawili walikuwa wanajua, na kila mmoja alikuwa anamfichia mwenzake kwa nia njema. Ukifikiria, nyumba nyingi huharibiwa na nia njema.

*

Saruji ilipokauka walianza kupima. Msomaji alilala kifudifudi mbele ya geji zake, mwenzake akapiga pampu. Mwanzo mishale ilitambaa kama inavyopaswa. Mafuta yalipoongezwa, geji za juu ziliendelea kutambaa, lakini zile za chini kwenye kona zilianza kukimbia. Bamba lilikuwa linainama. Akaamuru pampu isimame, akangoja mwamba utulie, na haukutulia. Walipolegeza jeki, mishale ya juu ilirudi karibu yote. Ya chini ilirudi kidogo, ikaganda.

Alijua papo hapo. Alilijua lile debe bovu kwa sauti yake kama mtu anavyomjua anayebisha hodi. Lakini kazi yake ilikuwa kuandika anachokiona, akaandika, na namba zikaenda ofisini.

Kesho yake habari zilikuwa zimeenea kambi nzima kwamba kilima kimefeli. Kilima kikifeli, bwawa linahamishiwa bonde jingine, na watu wote wa pale wanafungiwa kazi. Waliokuwa wamekula kwa mkopo kantini walianza kuipita kwa mbali. Msimamizi, aliyeitwa Haraka kwa sababu neno hilo lilikuwa haliishi kinywani mwake, aliwaita Msomaji na Mzee Patasi mbele ya ofisi. Injinia alikuwa ametoka nje na karatasi zake, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Jua lilikuwa la utosini. Mafundi wengine walisogea wakijifanya wana shughuli karibu.

"Shikamoo mzee," injinia akaanza, naye akaitikiwa. Kisha akamgeukia Msomaji. "Nisaidie ndugu yangu. Geji za juu zinasema mwamba mzima, za chini zinasema mwamba mkate. Ama umezifunga vibaya, ama uso haukusafishwa sawasawa, ama kweli kilima ni kibovu. Lipi?"

"Mimi nasema geji," Haraka akadakia. "Huyu alizifunga kwa papara. Nimewaambia siku zote, haraka haraka haina baraka."

Watu wakacheka kusikia neno hilo likitoka kwake. Msomaji hakucheka. Aliiona kazi yake ikimponyoka mkononi kama sabuni. Jibu la kweli lilikuwa fupi: nilisikia, na sikugonga mara ya pili. Angelisema hivyo angepewa karipio, pengine angesimamishwa kwa muda, na mambo yangekwisha. Lakini ulimi hauna mfupa, na mtu mwenye hofu huupeleka popote penye njia.

"Ni uso, injinia. Kona ya chini imeachwa na ganda."

"Limeachwaje?"

"Mchongaji hasikii."

Mzee Patasi alikuwa amesimama mkabala naye, kofia ya kazi kwapani, anamtazama moja kwa moja usoni kama alivyozoea kumtazama. Utazamaji ule ulimuudhi Msomaji, ukamtia maneno zaidi ya yale yaliyohitajika.

"Masikio yake yamekufa, siku nyingi sasa. Anagonga kwa mazoea tu. Mimi nilimleta hapa kwa ajili ya mke wangu, ningefanyaje? Lakini tukisema ukweli, kazi hii imemshinda."

"Na wewe hukugonga mara ya pili?" injinia akauliza polepole.

"Niligonga," Msomaji akasema. "Ila chini kule alinihakikishia amepagonga mwenyewe. Sasa baba mkwe akikuhakikishia, utambishia?"

Watu wakacheka tena, kicheko cha huruma kwake. Haraka akamwendea mzee, akaweka viganja kama tarumbeta karibu na sikio lake, akapiga ukelele hata ndege wakaruka kwenye paa la ofisi. "Mzee! Huyu mkwe wako anayosema, ni kweli?"

Mzee Patasi alimwondoa kwa upole, kama mtu anayeondoa tawi njiani. Alimtazama injinia.

"Aliyosema mkwe wangu ni kweli," akasema. "Yote."

Msomaji akashusha pumzi. Kumbe hajasikia neno, akawaza. Anakubali asichokijua. Na akashukuru Mungu kwa uziwi ule, akamshukuru kwa dhati kabisa. Katika makosa yote ya siku ile, shukrani hiyo ndiyo iliyokuja kumuuma kupita mengine.

*

Mzee aliondolewa kazini siku hiyohiyo. Injinia alimpa mkono na kumwambia pole mara mbili, lakini mtunza stoo alikuwa na utaratibu wake. Kofia ni ya kazi, iache. Koti la kazi, liache. Buti nazo ni za kazi.

"Nimekuja nazo kutoka nyumbani," mzee akasema. "Sikuvaa viatu vingine."

"Hilo halimo kwenye utaratibu wangu, mzee."

Mtu mmoja akamtolea ndala zilizokuwa mlangoni mwa choo. Zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Mzee akazivaa, akabeba begi lake la patasi, akashika njia, mguu wa kulia ukitoka nje ya ndala kila hatua. Msomaji aliyaona hayo kutoka mdomoni mwa handaki. Alikuwa na buti zake miguuni na viatu vyake vya raba kwenye sanduku la nguo, na njia ya kuteremka mpaka stoo ilikuwa fupi. Akajiambia anasubiriwa ndani. Akaingia.

Walilibandua bamba na saruji, mchongaji mwingine akagonga kona ya chini kwa patasi mara chache, na kipande cha mwamba kikaanguka, kipana kama sinia. Nyuma yake mwamba ulilia kama kengele. Msomaji aliuchukua mwenyewe ule wajibu wa kugonga mara ya pili, akagonga kila mahali, juu na chini, na mwingine yeyote angefurahi kuisikia sauti ile. Kilima kilikuwa kizima. Bwawa litajengwa palepale. Mafundi walimpiga mabegani wakimwita shujaa, na Haraka akamwambia mbele ya watu kwamba angeona cha kumfanyia.

"Umetuokoa," akasema. "Si kila mtu angeweza kusema vile mbele ya mkwewe."

"Ni kweli," Msomaji akajibu. Alitamani kukaa chini.

*

Alifika nyumbani jua likizama. Mkewe alikuwa jikoni, macho mekundu, lakini alimpokea begi, akamshika mkono kwa namna ambayo hakuwa amemshika muda mrefu.

"Baba amenieleza yote," akasema. "Asante."

"Amekueleza nini?"

"Kwamba wametaka kumlaumu peke yake, ukasimama mbele ya injinia na kambi nzima, ukasema kosa ni lako pia, ukaomba wasimwondoe. Amesema umemheshimu kuliko wanawe wa kuzaa. Ila sheria za kazi ndiyo zimekataa." Akafuta pua kwa upindo wa khanga. "Anafunga mizigo. Kesho anataka kwenda kwa kaka. Nimemsihi, hataki. Unajua neno lake lile, la mdomo tu ndani ya nyumba. Mimi nikimwambia abaki anaona namhurumia. Nenda wewe. Ukimwambia wewe, atakaa."

Msomaji akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Hakusikia," akasema.

"Hakusikia nini?"

"Nilichosema."

Akamweleza. Alianzia kwenye debe bovu, akaja mpaka kwenye ndala za choo, na ule uongo wa kugonga mara ya pili hakuuruka, kwa kuwa alikuwa amechoka na uongo. Mkewe alimsikiliza mwiko ukiwa mkononi. Alipomaliza hakumkaripia. Aliuliza swali ambalo mumewe hakulitegemea.

"Mlikuwa wapi? Ndani ya handaki?"

"Nje. Mbele ya ofisi."

"Mchana?"

"Jua la utosini. Kwa nini?"

Mkewe akauweka mwiko chini. "Na baba alikuwa amekuelekea?"

"Alikuwa ananikodolea macho, kama kawaida yake."

"Hakukodolei macho," mkewe akasema, na sauti ikamkatika. "Anasoma mdomo. Miaka sasa. Gizani ndiko hapati kitu, lakini kwenye mwanga hakimpiti. Kwani wewe unafikiri mtoto anamshika mashavu kwa nini? Mimi ndiye niliyemfundisha."

Nje jirani alikuwa anaita kuku wake. Msomaji aliisikia sauti ile kwa ukamilifu, na sauti ya maji yanayochemka, na pumzi ya mkewe. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema ukijua utalazimika kuchagua kati yake na kazi yako, na si haki kumbebesha mkwe mzigo huo." Akageukia moto. "Nenda, baba watoto. Nenda umwambie, kabla sijasema neno ambalo sitaweza kulirudisha."

*

Chumba cha uani kilikuwa kimeingia giza. Mzee Patasi alikuwa kitandani, begi la nguo limekwisha kufungwa, sasa anazifunga patasi zake moja moja kwa vitambaa. Zile ndala mbili za kushoto alikuwa ameoshewa, au ameziosha mwenyewe, zimeegemezwa ukutani zikauke. Bila shaka alikusudia zirudishwe.

Msomaji akasimama mlangoni, macho chini, kama mkwe anavyosimama. "Baba," akasema. "Nimekosa. Nilisikia pale chini, nikanyamaza. Halafu leo nimekuvua nguo mbele za watu ili mimi nisitirike. Sikugonga, baba. Nilidanganya. Usiondoke. Nakuomba usiondoke."

Yalimtoka vizuri, yote, kwa mpangilio, na alipomaliza alijisikia mwepesi. Akainua macho. Mzee alikuwa anamalizia fundo la kitambaa. Ndipo alipoona kuna mtu mlangoni.

"Nani? Mwanangu? Washa taa, sikuoni."

Swichi ilikuwa karibu na bega lake. Msomaji akaibonyeza. Mwanga ukajaa chumbani, ukamwangukia usoni, na mzee akaiweka patasi chini, akaweka mikono magotini, akamtazama mdomo. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anangoja tu, kwa subira, kama alivyongoja mchana ule mbele ya ofisi.

Maneno yaleyale yaliyokuwa rahisi gizani yalikuwa palepale, hayajaenda mbali. Msomaji akafungua mdomo.

"Chakula tayari, baba," akasema.

Mzee Patasi aliendelea kumtazama mdomo kwa kitambo, asije akakatisha kama kuna lililobaki nyuma. Lilipokosa kuja akainuka, akaizungushia patasi ya mwisho kitambaa chake, akaitia begini.

"Haya," akasema. "Twende, kisije kikapoa."